Siku Nilipompa Mzee Starehe

Jamani, nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka, maana aibu niliyoipata kwenye hitma ya watu hata adui yangu simtakii.

Nilikuwa nimetoka Machakos wiki chache tu kuja kuwa meneja wa hoteli ndogo ya Bi Khadija huku Mji wa Kale, na mama wa watu akataka mimi na wafanyakazi wote twende mafunzo, ya kuongoza na ya kumpokea mgeni wa Mombasa, nami (kichwa kikubwa hicho!) nikamwambia meneja hafundishwi salamu, afadhali tununue spika za ukumbini. Akanikubalia. Wafanyakazi nao nikawapa sheria moja: nikisema jambo, hakuna "lakini".

Basi ikaja familia iliyokodi ukumbi kumsomea marehemu wao hitma kisha wale biriani, watu wamejaa mikekani, kimya. Akaingia mzee, kaka wa marehemu, nami nikaruka kitini nimpishe. Akaniinulia kiganja.

"Starehe, mwanangu, starehe."

Kwetu starehe ni muziki. Nikajiambia, kumbe wafiwa wanataka kuliwazwa! Nikamwita Saumu, mhudumu wetu, awashe spika. Akatoa macho. "Lakini bosi..."

"Nimesema nini kuhusu lakini?"

Akabonyeza. Ikalia taarabu, tena ile ya mafumbo ya mume wa mtu, na misahafu iko mikononi! (Mzee, masikini, alikuwa akiniambia tu nisijisumbue, nikae.) Nikakimbilia kuizima, kwa pupa nikabonyeza kusiko, nikaongeza sauti.

Bi Khadija akapanda mbio kutoka jikoni, akachomoa waya. Nikajua kazi nimeshaagana nayo. Lakini akasimama mbele ya wanaume wote wale, akasema, "Tuwieni radhi, jamaa zangu. Makosa ni yangu mimi. Huyu nimempa cheo, mafunzo sikumpa."

Haki ya Mungu! Mimi ndiye niliyeyakataa mafunzo, na yeye hakulitaja hilo hata kidogo! Sikujua kama mkubwa anaweza kuwa mkubwa kiasi kile.

Mzee akatikisa kichwa. "Yamekwisha, mwanangu. Marehemu alikuwa akiupenda wimbo huo, lakini si leo."

Spika tuliziuza, tukaenda darasani sote, na Bi Khadija akakaa kiti cha mbele kabisa. Saumu siku hizi huniambia "lakini bosi" kila saa, nami humsikiliza. Na mtu akiniambia starehe, nakaa.