Mtoto Aliyetoka Majini Bila Kulowa

Wasee, mimi nimewahi kuona mtoto akitoka kwenye maji na gauni lake likiwa kavu kabisa.

Sikuwa nimelewa. Hata ile pombe ya harusini sijawahi kuionja. Niliona mchana, ndani ya social hall ya mtaa wetu wa Jericho, mwaka wa themanini na nne, na tulikuwa watu wazima wanne tukitazama.

Ngojeni niwaambie. Mwenye haraka zake aende zake.

Mwaka wa sabini na moja, nikiwa bado msichana, kampuni moja ya filamu ilikuja mtaani kwetu kutengeneza sinema ya kifamilia. Jina lao nitaliweka kando.

Hadithi yenyewe ilikuwa rahisi. Msichana mdogo anaangusha ndoo ya mamake kwenye kware, lile shimo la wachimba mawe nyuma ya Donholm lililojaa maji ya mvua. Anaogopa kuchapwa, anashuka kuifuata. Babake anamtafuta mtaa mzima. Mwishowe mtoto anapanda mwamba, anatoka mzima.

Watu wanalia, wanapiga makofi, wanaenda kulala.

Aliyeigiza alikuwa Ndindi, mtoto wa jirani yetu Annah.

Siku ya mwisho ya kupiga picha, Ndindi akapotea.

Kampuni ikasema alitoka kwenye maji vizuri tu, akavaa sweta, akashika njia ya nyumbani, na huko njiani mtu akamwiba. Ushahidi? Filamu yenyewe. Ilionyeshwa kituo cha polisi, na mamake naye akaonyeshwa. Wakamwambia, huyo hapo, mama, anapanda mwamba, si unamwona?

Annah akamwona. Askari wakamwona. Sisi wote tukamwona, tena kila mwaka, maana sinema ya gari, ile ya kuzunguka mitaani, ilikuja uwanjani, ikatundika shuka, na kabla haijaanza mtu wa kipaza sauti alitangaza: "Yeyote aliyemwona msichana huyu apige ripoti."

Basi Annah, Mama Ndindi, akaanza kutembea. Eastleigh, Mathare, Gikomba, popote. Alikuwa anasimamisha watoto wadogo na kuwaangalia usoni.

Miaka ikaenda. Akawa sasa anasimamisha wasichana wakubwa, maana Ndindi naye angekuwa amekua.

Halafu ile themanini na nne, kampuni ikarudi. Walitaka kuitengeneza sinema ile ile upya, sasa ya rangi. Mkubwa wao alikuwa Dedan, ambaye kwenye ile ya kwanza alikuwa kijana wa kubeba taa. Akamwona binti yangu Kavata akicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake.

"Huyu ndiye," akasema.

Nilikataa. Nilikataa nikiwa na mwiko mkononi, na mwiko wangu anaujua.

Aliyekuja kunibembeleza ni Mama Ndindi mwenyewe.

"Mama Kavata, nakuomba. Ile ya zamani imechakaa, uso wa mtoto wangu hauonekani tena. Wakitengeneza mpya, watu wataanza tena kuuliza habari zake."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Nikakubali.

Dedan alitaka kila kitu kifanane na cha kwanza. Gauni lile lile la maua, ndoo ile ile ya bati, kware ile ile na mwamba ule ule. Nikamuuliza, mbona tusitafute dimbwi lisilo na kina tu, nani atajua?

"Lazima iwe pale pale, Mama Kavata."

Alisema hivyo akiangalia viatu vyake.

Siku moja kabla ya Kavata kushuka kwareni, akatuita social hall tulinganishe hizo sinema mbili. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Tulikuwa mimi, Dedan, Mama Ndindi, na Dishon aliyekuwa anaendesha mashine. Kavata nilimwacha kwa jirani, na mpaka leo nashukuru Mungu.

Kwanza tukatazama vipande vyetu. Wee! Mtoto wangu aliwaka. Rangi safi, sauti safi.

Kisha Dishon akaweka ile ya zamani, nakala ya kampuni yenyewe, si ile iliyochakaa ya uwanjani. Nyeusi na nyeupe, mikwaruzo kila mahali. Lakini haki ya Mungu, ilikuwa bora. Baba wa ile ya kwanza alipoita mtoto, ulisikia mzazi anaita. Huyu wetu alikuwa anaiitia kamera. Na Kavata alikuwa anaigiza kuogopa, lakini Ndindi alikuwa anaogopa.



Tukafika pale kwenye mwamba. Ndindi akatoka majini, uso kwenye jiwe, mgongo kwetu, akaanza kupanda. Mama Ndindi akanishika mkono.

Mimi mtu wa kufua nguo, nilikuwa nawaza gauni. Dedan alikuwa ameniambia nilete mawili, kwa sababu la kwanza lingelowa. Nikatazama la Ndindi nione limelowa vipi.

Lilikuwa linapepea.

Mtoto ndio anatoka majini, na gauni linapepea kwa upepo! Nywele kavu. Halafu kijiwe kikaruka kutoka majini, kikapanda hewani, kikaenda kutulia chini ya mguu wake.

Kule uwanjani, giza, shuka linachezeshwa na upepo, watu wanalia na kupiga makofi, nani angeona kijiwe?

Lakini mambo ya aina hiyo nilikuwa nayajua. Watu wa sinema ya gari walikuwa na mchezo wao. Wakimaliza, waliiendesha filamu kinyumenyume kutuchekesha watoto. Chai inaruka kutoka sakafuni inaingia kikombeni, na sisi tunacheka mpaka tunajikojolea.

Mama Ndindi bado amenishika mkono. Nikisema, nitamuua. Nikinyamaza, kesho mtoto wangu anashuka pale.

"Dishon," nikasema, "hicho kipande kiendeshe kinyume."

"Dishon, zima mashine," Dedan akasema haraka.

"Dishon, ukizima nakuvunja mkono!"

Dishon akakiendesha kinyume.

Ndindi akashuka. Kijiwe kikaponyoka chini ya mguu wake, kikaanguka majini, na mawimbi yakaenda vile mawimbi huenda. Maji yakamfika magotini, kiunoni, mabegani. Yakamfunika kichwa. Picha ikakatika.

"Na kile anachotoka kiko wapi?" nikamuuliza Dedan.

Akakaa sakafuni, na suti yake.

"Hakuna," akasema. "Tulimngoja, hakutoka. Mkubwa wetu akasema tukisema ukweli tumekwisha sote. Akageuza hicho kipande. Mimi nilikuwa mtu wa taa tu, Mama Ndindi. Niliogopa."

"Na wangu unataka ashuke pale pale?"

"Nilitaka safari hii mtoto atoke kweli," akasema. "Labda ningelala."

Ngai! Eti alale! Alitaka kujaribu bahati yake na damu yangu ndio apate usingizi! Nilimkamata kola, na sijui ningemfanya nini.

"Mwache," Mama Ndindi akasema.

Hakuwa analia. Alisimama, akaenda mpaka kwenye shuka.

"Dishon, mwanangu, nionyeshe tena. Vile alivyoenda."

Dishon akaonyesha. Mama Ndindi akaweka kiganja mgongoni mwa mtoto pale kwenye shuka, akashuka naye polepole, hatua kwa hatua, mpaka majini.

"Kumbe uko hapa," akamwambia. "Na mimi nakutafuta barabarani."

Kware ilipigwa pampu ikakauka, na mifupa tukaipata. Tulimzika kwao Kangundo. Dedan alienda kituoni kwa miguu yake, akaeleza kila kitu. Sinema ya rangi haikumalizwa, na Kavata wangu leo ana watoto wakubwa.

Ninyi mnaoapa kwamba mmeona kwa macho yenu, kwa sababu mmeona kwenye simu, sina mengi ya kuwaambia. Ukionyeshwa mtoto wa mtu akitoka, uliza kwanza nani ameshika mashine. Kuna mama alitembea miaka kumi na mitatu kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.