Watoto wa Vita Vilivyokwisha

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: nawaonea wivu watoto maskini ambao mimi mwenyewe nawasaidia. Admin, nifichie jina, maana kanisani kwetu karibu wote wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, naishi huku ughaibuni, mtaa wa Small Heath, na mama. Tulitoka mashariki ya Kongo nikiwa mdogo. Si mtu wa maneno. Saa ya chakula shuleni utanikuta maktaba. Huko ndiko nilikojiunga na kikundi kinachosaidia shule ya Wamaya, wenyeji wa milimani kule Guatemala. Shule yao ilichomwa wakati wa vita. Vita hivyo viliisha kabla sijazaliwa, lakini ndiyo kwanza wanapata madarasa ya maana na walimu wanaofundisha kwa lugha ya kwao. Sisi tunauza keki na vitabu vya zamani, tunawatumia vifaa. Nilikipenda kikundi hiki sana.

Majuzi niliweka picha kwenye status, nimebeba boksi la madaftari. Akaiona Furaha, si jina lake, mtoto wa mama mdogo. Yeye bado yuko kwetu Kongo, na shule yake imefungwa tangu mapigano yaliporudi. Huwa ananitania, "Muzungu wetu, baridi haiyakuua?" Safari hii alituma sauti, ananiita Yaya, yaani dada, anacheka kidogo:

"Yaya, bale batoto beko na bahati. Sisi vita yetu ikiisha, njo mutatukumbuka?"

Niliisikiliza ndani ya basi nikapitiliza kituo.

Nilimuuliza mwalimu wa kikundi kama tunaweza kusaidia na shule ya Furaha. Akaniambia kwa upole kwamba penye mapigano hakuna wa kupokea mzigo, tusubiri patulie. Hakukosea. Ila ndicho kile kile Furaha alichouliza: mpaka vita iishe ndipo tuwakumbuke?

Ijumaa nitasimama mbele ya shule nzima kuwaombea Wamaya msaada. Nilimwambia mama nataka kumtaja na Furaha. Akaacha kumenya viazi.

"Hapana, mwanangu. Ya kwetu ibakie mu nyumba. Unataka batulilie?"

"Mbona Wamaya wanaliliwa, mama?"

"Bale vita yabo iliisha, banaweza kuisimulia. Yetu nitaisimulia namna gani na mudogo wangu iko bado kule?"

Akageukia sinki, akafungua maji kwa nguvu.

Wale watoto hawana kosa, wanastahili kila daftari. Lakini sasa nikifunga boksi lao, nayahesabu madaftari nikijiuliza Furaha anaandikia wapi.

Ndugu zangu, hasa ninyi mlioacha watu nyumbani, mngekuwa mimi Ijumaa mngesema nini? Nimtii mama ninyamaze, au nimtaje Furaha?

Jana jioni nilichukua kitabu changu cha bayolojia, nikajirekodi nikimsomea Furaha sura ya kwanza, nikitafsiri kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Nikamtumia. Mpaka naandika hapa, ina tiki moja tu, haijamfikia.