Mirunda ya Meza Kuu

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya dari. Majuma machache kabla ya safari hii, nikiwa bafuni napiga mswaki, dari la chumba nilichopanga lilianguka lote juu ya kitanda changu, likafunika mto, kompyuta na sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili. Sikuumia hata kidogo. Lakini tangu siku ile sikuweza kuingia mahali popote bila kutazama juu kwanza, na kwa kuwa tasnifu yenyewe inahusu uimara wa majengo madogo, nilikuwa na elimu ya kutosha kuogopa kila nilichokiona. Maktabani nilihama viti mpaka mkutubi akaniuliza kama kuna mtu ninayemkimbia. Hatimaye msimamizi wangu, mama mwenye subira nyingi, akanielekeza Kilosa nikafuatane na mkaguzi wa majengo kwa wiki moja.

"Ukaone nyumba ambazo hazijaanguka," alisema. "Ziko nyingi kuliko unavyodhani."

Dumila, asubuhi. Basi lilinishusha njia panda, katikati ya ndoo za nyanya na moshi wa mahindi ya kuchoma, nikalazimika kusubiri gari la Kilosa. Nilinunua chapati na chai kwa mama mmoja mwenye kibanda, nikasimama nje juani kula na kunywa.

"Dada, ingia ukae. Jua hilo litakuunguza."

"Nashukuru, mama. Hapa panatosha."

"Unaogopa bei? Umeshalipa!"

Nilimweleza, kwa heshima, kwamba nguzo ya kona ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka karibu na kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Aliitazama nguzo, akanitazama mimi.

"Nguzo hiyo imekaa hapo miaka mingi kuliko umri wako."

"Ndicho kinachonitia wasiwasi, mama."

Alicheka, akawaita wenzake waje wamwone msomi anayeogopa kibanda. Walikuja. Nikamalizia chapati mbele ya hadhira.

Kilosa mjini, mchana. Mkaguzi alinisubiri nje ya ofisi akiwa ameegemea pikipiki. Ni mtu mrefu, mkavu, wa umri wa baba yangu. Jina lake ni Yohana, lakini mji mzima unamwita Bwana Eksi, kwa sababu ya alama nyekundu ya X anayoiandika kwenye ukuta unaojengwa kinyume cha taratibu. Mwenyewe halipendi jina hilo, ila huliitikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiye wewe mwanafunzi? Unaogopa pikipiki?"

"Hapana, baba. Naogopa mapaa."

"Basi tutaelewana. Pikipiki haina paa."

Mabwerebwere, siku ya pili. Hapa ndipo nilipoanza kuielewa kazi yenyewe. Nilidhani mkaguzi hupima kuta. Kumbe muda wake mwingi huutumia kutafuta watu. Tulifika kwenye nyumba inayojengwa karibu mno na mfereji wa maji ya mvua. Mchanganyiko wa saruji ulikuwa bado mbichi, mwiko umesimama wima ndani yake, redio inaimba juu ya tofali, na sahani ya ugali na samaki ilikuwa bado inatoa mvuke. Binadamu hakuonekana hata mmoja. Jirani alikuwa anaanika nguo kwa utulivu.

"Mafundi wako wapi?" Bwana Eksi aliuliza.

"Mafundi gani, baba? Hapa hapajajengwa tangu mwaka jana."

"Na huu ugali?"

Jirani aliukagua kwa mbali. "Labda ni wa mwaka jana."

Bwana Eksi aliketi kwenye tofali, akapandisha sauti ya redio, akaanza kuula ugali ule taratibu. Hakuwa amefika nusu ya sahani pale fundi alipochomoza kutoka nyuma ya choo, amekasirika. "Mzee, andika X yako, lakini samaki niachie!"

Mtaa wa pili tulikwenda kuangalia X aliyoiandika mwezi uliopita kwenye kibanda cha kinyozi kilichoingia barabarani. Kinyozi alikuwa hajaifuta. Alikuwa ameiongezea vishikio viwili vya mviringo upande wa chini, ikawa mkasi mzuri mwekundu, na wateja walikuwa wanasubiri zamu kwenye benchi. Bwana Eksi aliutazama mkasi ule kwa muda mrefu.

"Amechora vizuri kuliko mimi," alisema, kisha akatoa brashi, akaandika X nyingine mlangoni, mahali ambapo, kwa maelezo yake, mkasi usingekaa vizuri.

Kilangali, siku ya tatu, tukiwa njiani kuelekea kusini. Tulisimama kwa mkulima mmoja aliyejenga ghala la mpunga. Linta yake, ile boriti ya zege juu ya mlango, ilikuwa imepinda katikati kama mgongo wa punda. Bwana Eksi aliuliza kama ndani mna nondo.

"Zimo, mheshimiwa. Hazionekani tu."

"Nikigonga kidogo kwa nyundo, tutaziona?"

"Ukigonga utaharibu uhusiano, mheshimiwa."

Mimi sikuingia ghalani. Nilisimama mlangoni, kisha nikafikiri kwamba mlangoni ndipo ilipo linta, nikarudi hatua kadhaa, kisha nikafikiri kwamba ukuta ukianguka utaangukia nje, nikaishia kusimama shambani nikiandika maoni kwa kutazama kwa mbali. Bwana Eksi hakunicheka. Alimwamuru mkulima aivunje linta na kuimwaga upya mbele yake, na mkulima akaapa kufanya hivyo mara tu baada ya mavuno, jambo ambalo, niliambiwa baadaye, aliliapa pia msimu uliotangulia.

Mikumi, Alhamisi jioni. Mji huu umejipanga kando ya barabara kuu, na malori hupumzika hapo kabla ya kuvuka hifadhi au baada ya kuivuka. Mama Salome anaendesha mgahawa wa madereva, na nyuma yake amejenga nyumba mpya yenye baraza pana lililofunikwa kwa paa la zege. Zege lile lilikuwa limemwagwa wiki iliyotangulia tu. Bado lilibebwa na mirunda, ile miti mirefu ambayo mafundi huisimamisha chini ya zege bichi mpaka likomae; ilisongamana kama msitu, kila mmoja umekazwa chini kwa kabari ya mbao. Kwa kanuni za ujenzi, mirunda hiyo ilipaswa kubaki kwa karibu mwezi mzima. Kwa ratiba ya Mama Salome, ilipaswa kung'olewa kesho yake, kwa sababu Jumamosi palikuwa na sherehe ya kumuaga binti yake, na meza kuu, pamoja na bibi harusi mtarajiwa, wazazi na wakwe, ilipangwa kukaa papo hapo barazani.

"Wakwe wanatoka Dar es Salaam, Bwana Yohana. Niwaweke ndani ya zizi la miti?"

"Waweke hai, mama."

"Na usiniandikie hiyo X yako! Ukuta nimeupaka rangi juzi. Picha zote zitatoka na X kichwani mwa mwanangu."

Bwana Eksi alinivuta pembeni. Kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka kweli. "Nikiandika X, atatundika pazia. Nikikaa, atanilisha. Nikiondoka tu, fundi wake Kasimu anang'oa. Kwenye kazi hii sijawahi kushindwa na zege, binti yangu. Ninashindwa na Jumamosi."

Nilimwuliza kama hakuna mamlaka ya juu zaidi. Alifikiri kidogo. "Iko moja. Kamati ya sherehe."

Usiku huo huo kamati ilikutana mgahawani chini ya Mzee Hamisi, mstaafu wa reli, ambaye anaendesha kikao kama alivyokuwa akiruhusu treni kuondoka. Suala la paa kuwaangukia wageni liliwekwa kwenye ajenda ya mwisho, Mengineyo, baada ya keki, soda na usafiri wa kwaya. Ilipofika zamu yetu, Bwana Eksi alisema ameleta mtaalamu kutoka chuoni, akanionyesha mimi.

Nilisimama. Nilieleza jinsi saruji inavyoungana na maji, jinsi nguvu ya zege inavyoongezeka, kwanza upesi, kisha polepole, na kwamba matokeo hutegemea kokoto, joto, umwagiliaji na mambo mengine ambayo nilianza kuyataja. Mjumbe mmoja alisinzia. Mama Salome akanikatiza.

"Mwanangu, nakuuliza kama mzazi. Tukitoa mirunda, litaanguka au halianguki?"

"Mama, sijui."

Wajumbe waliguna. Fundi Kasimu alitabasamu. "Mmesikia? Msomi mwenyewe hajui. Mimi najua. Haliendi popote lile."

"Sijui kama litaanguka," nilisema, "ninachojua ni kwamba likianguka litaanguka bila kutoa taarifa. Na mimi sitakaa chini yake."

Mzee Hamisi alivua miwani. "Fundi Kasimu, wewe una hakika?"

"Asilimia zote, mwenyekiti."

"Vizuri. Naomba katibu aandike: meza kuu, kiti cha katikati, fundi Kasimu. Kulia mkewe. Kushoto watoto. Wakae kuanzia sala ya ufunguzi hadi kufunga muziki."

Kasimu alikohoa. "Mwenyekiti, Jumamosi mimi nina msiba wa shemeji."

"Shemeji amefariki lini?"

"Bado, lakini hali yake si nzuri."

Mgahawa ulilipuka kwa kicheko. Mzee Hamisi alimgeukia mjomba wa bibi harusi, Festo, aliyekuwa ameunga mkono mirunda kung'olewa. Festo akasema yeye ni mtu wa watu, huketi na wageni wa kawaida. Kila aliyeulizwa alimpendekeza mwenzake kwa unyenyekevu mkubwa. Mama Salome alitazama baraza lake kupitia dirishani, machozi yakamlengalenga.

"Sawa," alisema. "Libaki zizi."

"Nani kasema zizi?" Ilikuwa sauti ya Rehema, mpambaji wa ukumbi. "Mna miti iliyosimama bure halafu mnalia? Kumbi za mjini watu huomba nguzo. Nileteeni vitambaa vyote."

Mikumi, Jumamosi. Kila mrunda ulivishwa kitambaa cha dhahabu na maua ya bluu, ukafungwa utepe kiunoni. Meza kuu iligawanywa vipande ili ipite katikati ya mirunda. Bibi harusi mtarajiwa aliingia kwa kuzunguka nguzo moja baada ya nyingine, jambo lililochukua wimbo mzima na nusu, na wakwe wakasimama kupiga makofi wakiamini ni ubunifu. "Dar hatuna kitu hiki," nilimsikia mama mkwe akisema. Bwana Eksi alisimama ukingoni na sahani ya pilau ambayo hakuigusa.

Mimi nilipewa kitenge cha sare na kazi moja: kulinda kabari. Yote yalikwenda vizuri mpaka ulipofika muda wa ndugu wa mama kucheza. Mjomba Festo, ambaye alikuwa ameshajipongeza mapema kwa bia kadhaa, alikumbatia nguzo ya tatu, akaizunguka, akarusha mguu. Niliiona kabari ikichomoka na kuteleza chini ya meza ya wakwe.

Niliingia chini ya meza nikitambaa. Niliikuta kabari karibu na viatu vya baba mkwe, nikairudisha chini ya mrunda, nikavua kiatu changu na kuigonga kwa kisigino, nikifuata mapigo ya ngoma ili nisisikike. Nilikuwa nimebakiza kugonga mara mbili tu wakati kitambaa cha meza kilipoinuliwa.

"Binti," mama mkwe aliuliza, "umepoteza nini?"

"Hereni, mama."

"Maskini! Jamani, huyu mtoto amepoteza hereni!"

Kufumba na kufumbua, baba mkwe, shangazi wawili na mpiga picha walikuwa chini ya meza pamoja nami, wakipapasa sakafu. Nilitumia nafasi hiyo kuigonga kabari mara mbili za mwisho, kisha nikaivua hereni yangu mwenyewe na kuipata kwa furaha kubwa. Walinipigia vigelegele. Ni wakati huo tu nilipogundua kwamba nilikuwa nimekaa chini ya lile zege muda wote bila kulitazama.

Barabara ya kurudi, Jumapili. Basi lilivuka hifadhi polepole. Swala walikuwa wanakula majani kando ya lami, na abiria mwenzangu alilala na kichwa begani kwangu mpaka Morogoro. Nilijaribu kupanga nilichojifunza. Nilikuwa nimekwenda nikidhani mkaguzi ni mtu anayejua ni kipi kitaanguka. Hajui, wala hadai kujua. Anachofanya siku nzima, kwa brashi, kwa mzaha, kwa kula ugali wa watu, ni kuwaombea watu muda. Zege halisomi kadi za mwaliko, na wenye sherehe hawana muda wa kulisubiri. Yeye husimama katikati, akitukanwa na upande mmoja huku ule mwingine umenyamaza. Nimeiandika upya sura ya tatu kwa mtazamo huo.

Mwezi ulipotimia, Mama Salome alinipigia simu. Mirunda ilikuwa imetolewa, na zege halikutikisika. Nilimwuliza nani alikaa wa kwanza.

"Niliwaandalia chakula Bwana Yohana na Kasimu, katikati kabisa," alisema. "Nikawaambia, leo ninyi ndio meza kuu."

"Wakakaa?"

"Wakakaa, mwanangu. Lakini kula haraka namna ile sijapata kuona."