Siku Niliyokataa Kuitwa 'Last'

Mwanangu, sogeza kiti nikwambie habari ya asubuhi moja ambayo haijanitoka moyoni. Tulikuwa tumehamia Usangu na ng'ombe wetu kutoka Usukumani, nami nikaanza shule nikiwa mkubwa, nawapita wenzangu kichwa kizima. Kiingereza sikukijua hata cha kusalimia. Matokeo yalipotoka, nilishika mkia. Tangu hapo mwalimu wa darasa akaacha kuniita Kabula. Akiita mahudhurio, anasema "Last!", yaani wa mwisho, darasa zima linacheka. Nami, mtoto wa watu, naitika.

Ndipo Mwalimu Tulinagwe, mama mmoja wa Tukuyu, akaja kutufundisha maneno ya kulinganisha ya Kiingereza.

"Mnadhani 'last' maana yake mjinga?" akatuuliza. "Neno hili limezaliwa na 'late', kuchelewa. Waingereza wa zamani waliliongezea mkia wa '-est', wa kuonyesha kupita wote, likafupishwa midomoni mwa watu. Ni aliyechelewa kuliko wote, basi. Hata 'next' ni hivyo hivyo, limezaliwa na 'nigh', karibu: aliye karibu kuliko wote."

Siku hiyo sikusikia kengele ya kwenda nyumbani.

Kesho yake mwalimu wa darasa akaita, "Last!" Nikanyamaza.

"Huitiki?"

"Naitwa Kabula, mwalimu. Nimechelewa kuanza, sikatai. Lakini bado nakuja."

Nilipigishwa magoti juani, baba akaitwa. Mwalimu wa darasa akamwambia mbele ya mwalimu mkuu: niombe radhi, au nirudi kuchunga. Baba, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliyatazama magoti yangu yenye vumbi.

"Jina la Kabula nilimpa mimi," akasema, "siku aliyozaliwa, mvua inanyesha, na ndiyo maana ya jina lenyewe. Radhi ya nini?"

Mwalimu mkuu akakohoa, akaniambia nirudi darasani. Asubuhi iliyofuata niliitwa kwa jina langu. Yule mwalimu hakunipenda kamwe, na muhula ule nilishika mkia tena, sikudanganyi. Ila shule nilimaliza.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikuita mbaya kuliko wote, au hata bora kuliko wote, muulize: kuliko nani, na kwa kipimo cha nani? Neno la namna hiyo halisimami peke yake. Kuna mtu amekuweka kando ya mwenzako akawapima apendavyo. Usiitike upesi. Wakikulazimisha kupiga magoti, mdomo wako ubaki wako.

Mungu akupe shingo ngumu pale inapotakiwa, na moyo laini kwingine kote. Nenda na radhi zangu.