Mama Mariette na Shati la Mkuu wa Soko

Mimi ni fundi wa kushona, na fundi huwajua watu kwa mabega na viuno. Vipimo vya Katungu Mariette ninavyo tangu alipofika Butembo, mwembamba kabisa, na nimeviongeza mara kadhaa bila kumwambia. Amezaliwa Masereka kwa wakulima wa viazi. Kanisani huimba kwa sauti kubwa hata wimbo asiojua maneno yake. Aliolewa Beni, akakaa Bungulu, akazaa, akafiwa na mume. Vita viliposogea hadi mashambani mwao, akabeba watoto na sufuria akaja kwetu. Leo anauza viazi katika soko letu la juu, njia ya kwenda Rughenda, chini ya paa, karibu na lango. Hilo paa ndilo maisha yake. Viazi vikilowa vinaoza, na anayeuza viazi nje ya paa letu anawauzia nguruwe.

Kutoka Bungulu alikuja pia na sheria. Huko wanawake wa likilimba yake, yaani chama cha kuchangiana kwa zamu, walikuwa na desturi moja: mwanamke akitaka kuwaomba wenzake waongeze mchango kwa ajili yake, kwanza anasimama mbele ya wote na kufungua ncha ya kitenge, pale tunapofunga pesa. Anataja kila kilichomfikia mwezi huo, mauzo, alichotumiwa na mtoto, hata kuku wa shemeji. Akimaliza ndipo anaomba. Na yeyote anayevaa kitenge cha chama yuko chini ya sheria hiyo.

Mariette alipoileta kwenye likilimba ya soko letu, mke wangu Kavuo alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. "Ule mama wa Beni anataka tuvule manguo!" Baada ya muda Kavuo akawa mkali wa sheria hiyo kuliko mwenyewe aliyeileta, nami nikajikuta namweleza bei ya kila suruali ninayoshona. Kwa hilo sijamsamehe Mariette mpaka leo.

Basi mwaka huu mkuu wa soko, Kahongya Jean-de-Dieu, alipita na kipaza sauti kutangaza kwamba ushuru wa meza unapanda mara mbili. Sababu? Eti mahitaji ya serikali. Mariette akasimama mbele ya viazi vyake.

"Papa gérant, mbele ya kuongeza, utuambie weye unapataka ngapi. Mushahara, prime, mafuta ya moto, ile pikipiki yako, yote. Si sisi njo tunakulipa?"

"Mama, mushahara ya mutu ni siri yake na Mungu," alijibu Jean-de-Dieu.

"Ya kwangu Mungu anaijua, na bamama bote banaijua. Ya kwako njo inabakia."

Soko zima lilicheka, na kicheko kile kilimchoma. Siku hiyohiyo akatangaza kwamba asiyelipa ushuru mpya mara baada ya sikukuu ya wanawake atanyang'anywa nafasi, na wa kwanza kuhamishwa atakuwa mama wa viazi wa langoni.

Mariette alikuja kukaa kwenye benchi langu bila nguo ya kushona. Nilijua ana jambo. Binti yake Christa anafundisha shule huko Beni, na mshahara wake hauonekani, kwa hiyo nyumba nzima inakula kwa viazi.

"Malachie, nikitoka pale, batoto batasoma na nini?"

 Wenzake nao walianza kulegea. Wengine walilipa kimyakimya, wakadhani hatuoni. Sitawataja, mmoja ni mteja wangu.

Na hapo ndipo Jean-de-Dieu alipojiponza mwenyewe. Kwetu, kiongozi akitaka kupendwa siku ya sikukuu, anavaa kitambaa cha wenye sikukuu, anapiga nao picha, mambo yanaisha. Alinunua kitenge cha likilimba ya akina mama, akaja nacho kwangu anachekacheka.

"Malachie, unishoneye chemise. Bamama bakiniona na pagne yabo, roho itabalainika. Na uweke mifuko mbili, makubwa."

Nilimpima. Je, nilimwambia juu ya sheria ya kitenge kile? Hakuniuliza. Mimi nimefundishwa kushona, sikufundishwa kuongea na wateja wenye haraka. Nikamwekea mifuko miwili mikubwa.

Siku ya sikukuu uwanja wa shule ulijaa kitenge kimoja, kuanzia mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Mkuu wa soko aliketi kwenye kiti cha heshima, na kando yake mke wake, Mama Shalom, mgeni wa siku. Jean-de-Dieu alipopewa kipaza sauti alinyoosha shati langu kwa vidole.

"Bamama, muone! Mie na ninyi, kitambaa moja! Donc niko nabaomba, muongeze ile kidogo kwa soko yetu."

 Kisha vikapigwa vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia, na maskini yule akadhani anasifiwa. Akainamisha kichwa kushukuru. Mariette akachukua kipaza sauti. 

"Gérant amesema ni mutu ya kwetu, na ameomba. Kwetu, ule anaomba anafungua mbele. Mais mie pia niko naomba. Naomba nibakie na nafasi yangu. Donc mie njo naanza."

Akafungua ncha ya kitenge chake. Akataja mauzo yake. Akataja gunia ambalo kaka yake humletea kutoka Masereka. Halafu sauti ikashuka.

"Na iko kitu sijabaambiaka. Mulinzi wa soko ni leki, ndugu mudogo ya marehemu bwana yangu. Analindaka viazi yangu bure. Ninyi munamulipa, mie hapana. Munisamehe. Kuanzia kesho nitalipa sawa ninyi."

Kulikuwa na minong'ono, na Vagheni, muuza vitunguu wa meza ya jirani, akasema "Kumbe!" kwa sauti. Niliona aibu kwa niaba ya Mariette, kisha nikaona fahari. Angeweza kukaa kimya na nani angejua? Akamkabidhi Jean-de-Dieu kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkwewe chakula.

"Fungua! Fungua!" uwanja mzima uliimba.

Aliangalia mlango. Lakini utakimbiaje sikukuu ya watu nawe umevaa kitambaa chao, mkeo amekaa palepale? Akakohoa. Alisema mshahara wake, mdogo, tena unakuja unapotaka. Wanawake walimwonea huruma, nami pia.

"Na kingine?" Mariette aliuliza.

Akataja fungu lake katika kila ushuru.

"Na kingine?" Sasa waliuliza wote.

Akataja mafuta ya pikipiki. Pikipiki ile imekufa tangu mwaka jana, sote tunaijua, kuku wanataga juu yake.

"Na kingine?"

Alimwangalia mkewe kwa pembe ya jicho. "Ile dépôt ya kuwekea mizigo nyuma ya soko," alisema hatimaye. "Naipangisha. Kwa jina ya soko, mais franga inakuyaka kwangu."

Aliyesimama kwanza hakuwa mwanachama yeyote. Alikuwa Mama Shalom.

"Papa Shalom! Dépôt gani? Na mie naendaka kuomba chumvi kwa majirani!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Jean-de-Dieu mwenyewe akaanza kucheka, jasho linamtiririka, shati limelowa hadi kwenye mishono. Mishono ilishika, naomba hilo lijulikane. Na kabla hajarudi kitini alikuwa ameahidi kwa mdomo wake: ushuru haupandi, kodi ya dépôt itatengeneza paa, na hakuna mtu anayeondolewa langoni. Mariette alijifunika uso kwa kitenge. Nililia pia, na mimi si mtu wa kulia.

Tangu siku hiyo, kila mwanzo wa mwezi mkuu wa soko na watoza ushuru wake husimama langoni na kusema walichopokea, chote. Wasiposema, hatulipi. Christa amepiga simu kwamba huko Bungulu wenzake wa zamani wa mama yake wameanza kumtafutia mkuu wao kitenge.

Juma lililopita alikuja afisa mmoja mkubwa kuliko Jean-de-Dieu, mwenye gari na dereva. Alitaka kuzungumza na akina mama juu ya mchango mpya. Mariette alimsikiliza kwa heshima zote, akampa kiti, akampa soda. Kisha akamleta mwenyewe hadi kwenye cherehani yangu.

"Malachie, umupime papa muzuri. Bamama banamupatia kitambaa yabo, zawadi."

Afisa alitabasamu, akainua mikono. Nikamzungushia utepe kifuani.

"Na mifuko, papa?"

"Uweke mbili," alisema. "Makubwa."