Mshika Ndoo wa Mathayo

Enzi zetu, mtoto wa Tandale akisema anacheza ngumi, watu walimtazama pua kwanza. Kama bado imenyooka, walijua huyo ni mwongo au ameanza jana. Yangu ilipinda mapema, na hadi leo nikivuta hewa kwa nguvu inapiga filimbi, wajukuu wanakufa kwa kicheko. Wacheke tu. Nyie mliokuwa vijana pamoja nami mnajua pua hii imetoka wapi.

Klabu yetu ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, jirani na soko. Naiita klabu, lakini hapakuwa na ulingo, wala kioo, wala taa. Palikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, gunia lililojazwa maranda na matambara, na kocha wetu Mzee Chande, ambaye asubuhi alibeba viroba sokoni na jioni akatubeba sisi. Unga ulipeperuka kutoka mashineni ukatutua vichwani, na jasho likianza kutoka, unageuka uji. Ungetukuta tunarudi nyumbani ungedhani tumetoka kwa mganga.

Glovu tulikuwa na jozi moja. Jozi moja, klabu nzima! Kwa hiyo mkitaka kupigana mazoezini, mmoja anavaa ya kulia, mwenzake ya kushoto, na mkono mtupu unauchomeka mgongoni ndani ya mpira wa bukta. Ukithubutu kuutoa, Mzee Chande anakuchapa na kamba ya kurukia. Mie nilikuwa mtu wa kushoto. Mtu wa kulia alikuwa Mathayo.

Mathayo alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Baba yake alikuwa karani aliyehamia mjini kutoka Tukuyu, mtu wa sauti ya chini na Biblia kubwa mezani. Sisi ni Wazaramo, nyumba ya kelele na maulidi. Sikukuu ya Idi Mathayo alikula pilau kwetu mpaka akasinzia mkekani, na Krismasi mie nilikwenda kumaliza ndizi za mama yake. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka, Tandale hadi Mwananyamala, tukatokea Kinondoni, mbwa wa watu wakitukimbiza, na hapo ndipo tulipopata kasi yetu. Tukirudi tunanunua mihogo ya kukaanga yenye chachandu kali, kipande cha mwisho tunakigombania kama watoto wa kambo. Mama yangu alikuwa akituona tunatoka anasema, "Seif, nenda mwanangu, lakini sura hiyo nimeizaa mie. Uirudishe kama ilivyo."

Mzee Chande alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona klabu nyingine. Mkikutana ulingoni watu wa klabu moja, aliyepigwa ndiye anakuwa mshika ndoo wa aliyempiga. Pambano la mwenzako linalofuata unasimama kwenye kona yake na ndoo, sponji na taulo, unamfuta jasho na kumwambia makosa yake. Ukilalamika, mzee anakuuliza, "Sasa nani anazijua ngumi zake kama wewe uliyezipokea?" Tuliiogopa ndoo ile kuliko kipigo chenyewe.

Basi yakaja mashindano ya kuchagua timu ya mkoa. Kila uzito, nafasi moja. Anayeipata anavaa traksuti ya mkoa na kupanda treni kwenda mashindano ya taifa Mwanza. Jamani, Mwanza! Mie nilikuwa sijawahi kuvuka Kibaha. Traksuti ile niliiota mpaka nikajua mifuko yake iko wapi. Ratiba ikatoka: nusu fainali, Seif na Mathayo.

Tukaacha kukimbia pamoja. Mama akaona, akauliza, "Mmegombana?" Nikamjibu hatujagombana, tunapigana tu Jumamosi. Akatikisa kichwa akarudi jikoni.

Jumamosi alasiri ukumbi wa Temeke ulijaa pomoni. Siku za kawaida ulikuwa ukumbi wa taarabu, lakini siku ile Tandale yote ilihamia pale: wapagazi, wauza nyanya, mama lishe na miiko yao mikononi. Tukavalishwa glovu, kila mmoja jozi yake, zinang'aa! Kengele ikalia. Tukasogea katikati kwa mbwembwe, na wote wawili, kwa mazoea, tukachomeka mkono mmoja mgongoni.

Ukumbi ukanyamaza. Halafu kikaanguliwa kicheko ambacho nakisikia mpaka leo. Refa akatusimamisha. "Nyie vijana, huko nyuma mmefungwa pingu?" Mzee Chande alijifunika taulo uso mzima.

Tulipoitoa ile mikono ndipo balaa lilipoanza. Mkono wa kulia wa Mathayo niliujua kama njia ya kwetu. Wa kushoto tulikuwa hatujawahi kukutana! Ukaja kwa chini, ukanipiga katikati ya pua, nikaona nyota mchana. Nami nikamwachia kulia kwangu, akatumbua macho kama mtu aliyesalimiwa na jirani asiyemjua. Nikakiona kilinda meno chake: alikuwa anacheka! Nami nikacheka, damu zinanitoka. Tukatandikana raundi zote, watu wamepanda juu ya viti, mama lishe wanagonga miiko ukutani. Naapa sijawahi kujisikia hai namna ile.

Mwishoni refa akainua mkono wa Mathayo.

Niliumia. Pua iliuma, lakini moyo ulizidi. Mwanza yangu ilikuwa imeondoka. Nyumbani Mama akapiga ukelele, "Nani amekufanya hivi?" Nikamwambia Mathayo. Kabla hajamaliza kumlaani, sauti ikatoka mlangoni, "Shikamoo, Mama." Alikuwa yeye, jicho limevimba, amekuja kuniangalia. Mama alimtazama weee, kisha akaitikia marahaba na kumpakulia chakula. Ila nyama alimnyima.

Jumatatu nilipofika klabu, ndoo ilikuwa imewekwa katikati ya sakafu. Mathayo alikuwa anachimba saruji kwa kidole cha mguu.

"Seif, kama hutaki nitamwomba mzee anipe mtu mwingine."

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilitaka kuipiga teke ndoo ile ifike Manzese. Lakini nikamwangalia, nikaona anaogopa zaidi ya alivyoogopa ulingoni, na hakuwa anaogopa fainali.

"Mtu mwingine gani?" nikamwambia. "Lete ndoo."

Fainali alipangiwa askari mmoja kijana kutoka Gongo la Mboto, mrefu kama mnazi. Raundi ya kwanza Mathayo hakumfikia hata kidogo. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Akaja kwenye kona, akaanguka kwenye kigoda.

"Siwezi, Seif. Jamaa ana mikono mirefu. Mwambie mzee arushe taulo."

Sijui hasira zile zilitoka wapi. Nikamkamua sponji nzima usoni. "Huwezi? Mie juzi umenivunja pua! Mie, ndugu yako! Halafu huyu hata jina humjui ndiye unamwonea huruma? Nenda kampige kama ulivyonipiga mie!"

Akaitazama pua yangu, bado ina plasta. Akasimama. Askari aliungoja mkono wa kulia, kama nilivyoungoja mie, na wa kushoto ukaja kwa chini. Alikaa kitako, miguu mbele, kama anayesubiri chai. Nikairusha ndoo juu, maji yakawamwagikia majaji, sikujali! Mathayo alikimbilia kwangu hata kabla refa hajamaliza kuhesabu. Pambano nililolifurahia kuliko yote maishani ni lile ambalo sikupigana.

Juzi mie na Mathayo, wazee sasa, tulikwenda Kinondoni kumwona kijana wa mtaani kwetu akipigana. Mambo ya siku hizi ni makubwa, sitanii. Kijana aliingia kwa moshi na muziki wa singeli, nywele zimepakwa rangi, nyuma yake kuna mtu ambaye kazi yake ni kumshikia simu. Kwenye kupima uzito alishaahidi kumzika mwenzake. Enzi zetu kwenye kupima uzito tulikuwa na njaa mno kumzika mtu. Ila ngumi anazijua, Mungu amjalie. Mwaka jana alimpiga rafiki yake wa jimu moja, kipigo kizuri cha kiufundi.

Siku hiyo hakuwa na bahati. Kila akirudi kwenye kona, wale jamaa zake wanampigia kelele, "Pigana, mwanangu, pigana!" Mathayo akaniinamia. "Yule rafiki yake yuko wapi?"

Nikamwambia alihama jimu wiki ile ile aliyopigwa, na kwenye simu walishazuiana.

Tukabaki tunaitazama ile kona, imejaa watu, fulana zote zina jina la kijana mgongoni, na hakuna hata mmoja pale aliyewahi kupigwa naye.