Mkwe Wangu na Maandishi Mekundu

Mnaning'ang'aniza niandike, mimi ambaye na kalamu hata salamu hatupeani. Haya. Lakini sirudii, na anayecheka herufi zangu aje aandike yeye.

Mke wa mwanangu kazi yake ni kutibu kurasa za kompyuta zinazougua. Siku ya kupasuliwa jicho alinisindikiza hospitali. Jicho moja lilishakufa. Hili lililobaki lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari mgeni wa upasuaji alikuwa anaondoka jioni ile.

Karani akafungua jedwali la wagonjwa. Hakuna jina hata moja, maandishi mekundu tu. Akalifunga upesi kama aliyeona nyoka chooni. Akafungua tena, akafunga tena.

"Majina na vipimo vimepotea. Rudini nyumbani, mtapimwa upya daktari akirudi."

"Lini?"

"Mwakani, bibi."

"Mwakani nitakuwa natafuta mlango kwa kupapasa. Sitoki." Nikajibwaga kwenye benchi na mkoba wangu.

Mkwe wangu akasogea. "Kaka, usilifunge. Niache nisome."

"Usome nini, dada? Hayo ni makosa."

"Ndiyo. Na kosa hujitaja lenyewe, ukilipa nafasi."

Akasoma taratibu mpaka mstari wa mwisho: jedwali la wagonjwa halipo kwenye ghala hili la kumbukumbu. "Ghala hili," akarudia. "Kwani mna maghala mangapi?"

Karani akajikuna kichwa. Mawili. Jana walianza kuandaa la kufundishia wahudumu wapya, bado halina kitu, na ukurasa ukaachwa unachungulia huko.

"Basi watu wako wamo. Umegonga kwa jirani, halafu unalia kwamba kwako hakuna mtu."

Akamwonyesha mstari mmoja wa kurekebisha, wakawasha upya. Karani akavuta pumzi, akaanza kuita majina.

"Mama, ni wewe. Inuka."

"Nitainuka nikitaka." Nikainuka.

Bandeji ilipofunguliwa, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa mkwe wangu. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Miaka yote ile sikulijua. Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu."

Akanishika paji la uso. "Mama, una homa?"

Nawe uliyesoma mpaka hapa hujanilipa kitu. Basi inuka, mtafute aliyekufaa ukamnyamazia, umshukuru mbele ya watu. Leo, si kesho.